Makohozi ya kijani, na seli za kinga zinavyozikwa mapafuni

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Mimi huuza mandazi na chai hapa Kayole, Nairobi, asubuhi na jioni, kwa jiko la makaa. Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, nilishikwa na homa na mwili wote ukauma. Kliniki walinipima puani wakasema ni influenza A. Homa iliisha siku ya tano, lakini hii ni wiki ya tatu na bado nakohoa makohozi ya kijani. Damu nayo ilipimwa, nyutrofili zikatoka 1.3 na mashine ikaweka alama kwamba ziko chini. Kwa duka la dawa nimeambiwa ninunue antibiotiki. Kijana wangu anayesomea baiolojia chuoni anasema makohozi hayo ni maiti za seli za kinga, na kwamba zisipoondolewa kinga yenyewe huharibika. Nimeshindwa kumwelewa. Ni kweli? Hizo seli zikifa huenda wapi?

JIBU: Kijana wako hajakudanganya, dada, ila amekupa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kwamba seli hizo zimeumbwa zife, na namna zinavyoondolewa ndiyo huamua kama kinga itatulia, itaendelea kupigana, au itaweka kumbukumbu ya kirusi kile.

Nianze na rangi, maana ndiyo inayokupeleka kwenye antibiotiki. Ukijani ule haukuletwa na bakteria. Umetoka ndani ya nyutrofili, seli nyeupe zinazotangulia kufika popote penye maambukizi. Kila moja imebeba vifuko vidogo vyenye kimeng'enya, yaani protini ya kufanya kazi za kikemia, kiitwacho mieloperoksidesi, ambacho kina chuma ndani yake na ni cha kijani hasa. Nyutrofili zikirundikana kwenye kamasi na kuvunjikavunjika, kamasi hupata rangi hiyo. Kwa hiyo makohozi ya kijani yanakwambia kitu kimoja tu, kwamba nyutrofili nyingi zilipita hapo. Ziliitwa na kirusi au na bakteria? Rangi haijui.

Hiyo 1.3 nayo, ambayo ni seli bilioni 1.3 kwa lita moja ya damu, isikunyime usingizi. Vipimo vingi vya maabara zetu viliwekewa mipaka iliyotokana na watu wa asili ya Ulaya, na mashine huandika "chini" mtu akishuka chini ya 1.5 au 2. Waafrika wengi hawana alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu za damu, urithi uleule unaowakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivax, na watu hao huwa na nyutrofili chache katika damu inayozunguka bila kuugua zaidi ya wengine. Isitoshe, influenza yenyewe huzishusha kwa siku kadhaa. Rudia kipimo ukiwa mzima. Hesabu ya damu ni hesabu ya walio njiani. Haikwambii ni wangapi wameshafika mapafuni, wala wangapi wamefia huko.

Na wanaokufa ni wengi mno. Mwili wa mtu mzima hutengeneza nyutrofili bilioni 100 hivi kila siku, na nyingi haziishi zaidi ya siku moja au mbili. Maana yake idadi kama hiyo lazima iondolewe kila siku, hata kwa mtu asiyeumwa na chochote. Hata hivyo ukichukua kipande cha pafu zima ukakiweka chini ya hadubini, utatafuta seli iliyokufa mpaka macho yaume. Si kwamba hazifi. Huzikwa haraka, mara nyingi ndani ya dakika kadhaa tangu zitoe ishara. Mzikaji mkuu ni makrofaji, seli kubwa inayotambaa ndani ya vifuko vya hewa ikimeza vumbi, vijidudu na majirani waliokufa. Wanasayansi huita kazi hii eferositosisi, wakiwa wameokota kitenzi cha Kilatini cha kubeba maiti kwenda kuzika.

Tuitazame nyutrofili moja ikifa vizuri. Kifo kizuri huitwa apoptosisi. Vimeng'enya vya kaspesi huanza kukatakata kiunzi cha seli kwa ndani, lakini ngozi yake haitoboki. Tundu maalumu katika utando hufunguka na kuachia molekuli ndogo za nishati, ATP na UTP, na makrofaji iliyo karibu huifuata harufu hiyo. Wakati huohuo kuna mafuta yaitwayo fosfatidilserini ambayo siku zote hukaa upande wa ndani wa utando, yakirudishwa huko na pampu isiyopumzika. Kaspesi huizima pampu hiyo na kuwasha protini nyingine inayoyapindua mafuta yaje nje. Hiyo ndiyo ishara ya "nizike". Makrofaji huishika ama moja kwa moja, kwa kipokezi (kishikio kilicho juu ya seli) kama TIM-4, ama kwa kupitia protini za kuunganisha, Gas6 na protini S, ambazo mkono mmoja hushika mafuta na mwingine hushika kipokezi kiitwacho MerTK. Seli hai nayo hubeba CD47, alama ya "usiniguse", ambayo kwa seli inayokufa hupungua au kutawanyika. Makrofaji ikishahakikisha, hujikunjua, huizunguka maiti na kuimeza.

(Virusi vingine vimegundua njia hii wakaitumia vibaya. Kirusi cha Ebola, cha dengi na cha vaksinia hujifunika fosfatidilserini, seli ikadhani inameza maiti kumbe inamkaribisha mwizi.)

Hapa ndipo kijana wako angekaza uzi. Makrofaji iliyomeza maiti safi si ile iliyokuwa kabla. Mlo huo humletea shehena ya kolesteroli, protini na DNA ya kuvunja, na kolesteroli hiyo huwasha swichi zilizo katika kiini chake, LXR na wenzake, ambazo hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza huongeza MerTK, kwa hiyo aliyezika mmoja anakuwa tayari kumzika wa pili na wa tatu. Pili hupunguza sitokini za uchochezi, yaani protini za ujumbe zinazoichochea kinga, na kuacha nafasi kwa ujumbe wa utulivu: sitokini IL-10 na TGF-beta, na mafuta yaitwayo prostaglandini E2. Kwa lugha ya nyumbani, ni kuondolewa kwa maiti ndiko kunakotangaza kwamba vita vimekwisha. Muda kupita hakutoshi, na hata kirusi kutoweka hakutoshi.

Sasa chukua influenza. Kirusi hufikia kilele siku ya pili au ya tatu ya ugonjwa, na kwa mtu mzima mwenye kinga ya kawaida hupotea ndani ya siku 5 hadi 7. Katika siku hizo seli za utando wa njia ya hewa hufa, nyutrofili humiminika na kufa juu yake, kisha seli T za kuua, kundi jingine la seli nyeupe, huja zikamaliza seli zilizoambukizwa zilizobaki. Nazo seli T, kazi ikiisha, sehemu kubwa yao, 9 kati ya 10 au zaidi, hufa katika wiki zinazofuata. Mzigo wa mazishi unapanda mara nyingi, na wazikaji wenyewe wamepungua: katika panya wa maabara makrofaji wakaazi wa mapafu huweza kupungua sana ndani ya wiki ya kwanza ya influenza, mpaka monosaiti, seli nyeupe zinazoweza kugeuka makrofaji, zitoke kwenye damu kuchukua nafasi yao.

Mazishi yakichelewa, maiti haikai kungoja. Utando hutoboka, na kifo kilichoanza vizuri huisha vibaya. Ndani ya nyutrofili mna elastesi, kimeng'enya cha kuvunja nyama ya bakteria ambacho hakibagui. Kikimwagika hula tishu ya pafu. Humwagika pia histoni, protini zinazozungushiwa DNA, zilizo sumu kwa seli za jirani, na HMGB1, protini ya kwenye kiini ambayo ikionekana nje huwa king'ora. Nyutrofili nyingine hurusha nyavu za DNA yake yenyewe, jambo lililoelezwa mara ya kwanza mwaka 2004, na nyavu hizo hunata na kuifanya kamasi iwe nzito kama uji wa jana. King'ora huita nyutrofili mpya, nazo hufa palepale. Baya kuliko yote, elastesi hukata hata vipokezi ambavyo makrofaji hutumia kutambua maiti. Aliyechelewa kuzika anakatwa mikono, na foleni inazidi kurefuka. Mafua yanayoanza kama ya kawaida na kuishia kwenye mashine ya kupumua mara nyingi yana mzunguko huu ndani yake.

Lakini tusiishie kwenye usafi, maana kuna somo linalotolewa hapohapo. Si makrofaji peke yake wanaokula wafu. Kuna seli za dendriti, ambazo kazi yake ni kuchukua vipande na kupanda navyo kwenye tezi za limfu za kifuani, kuzionyesha seli T kile cha kutafuta. Kundi moja miongoni mwao lina kipokezi kiitwacho CLEC9A, kinachotambua nyuzi za aktini, protini ya kiunzi cha seli, zinazoonekana nje pindi seli ikichanika. Kwa kumeza seli iliyokufa ikiwa na kirusi ndani, seli hii ya dendriti huweza kuonyesha vipande vya kirusi ambacho chenyewe hakijawahi kuiambukiza. Bila njia hiyo, kirusi ambacho hakiambukizi seli za dendriti kingeweza kuwapita walimu bila kuonekana.

Sasa seli ileile ya dendriti inajuaje kama maiti ni ya kunyamazia au ya kupigia kelele? Mengi hutegemea kilichomo tumboni mwa maiti. Seli iliyojifia kwa uzee ina vitu vya mwili wenyewe tu, na seli T zinazoonyeshwa vitu hivyo hufundishwa kuvivumilia. Ingekuwa kinyume, tungejishambulia kila siku kwa ajili ya hizo bilioni 100. Seli iliyokufa na influenza ina RNA ya kirusi, yaani maandishi yake ya urithi, na ndani ya kifuko cha kumeng'enya mna kipokezi TLR3 na wenzake wanaoisoma RNA hiyo kama namba ya simu ya hatari. Kula ni kulekule, fundisho ni tofauti kabisa. Ndiyo maana sipendi sana mfano wa taka na lori la taka ambao watu hupenda kuutumia. Lori la taka halisomi barua zilizotupwa.

Utulivu nao una faida katika kumbukumbu. Baada ya influenza, baadhi ya seli T hubaki zikiishi ndani ya pafu lenyewe kama walinzi wa mlangoni, bila kurudi kwenye damu. Ili zijifunge pale zinahitaji TGF-beta, ileile ambayo makrofaji huitoa inapomeza wafu. Dawa ya kuzuia mazishi kwa nia ya kuweka kinga ikiwa kali ingeweza kukuachia mapafu yenye hasira na kumbukumbu dhaifu.

COVID ilionyesha upande mwingine. Watafiti wa Brazil walichapisha mwaka 2022 kwamba makrofaji wakimeza seli iliyokufa ikiwa bado ina SARS-CoV-2 hai, hawatulii. Hutoa sitokini za uchochezi, na uwezo wao wa kuzika maiti zinazofuata hupungua. Mlo mmoja wenye sumu uliharibu hamu ya milo mingine.

Utulivu una bei, na bei hiyo ndiyo ninayotaka uishike kuliko majina yote haya. Prostaglandini E2 inayotuliza makrofaji baada ya mazishi hupunguza pia uwezo wake wa kuua bakteria iliowameza. Kuna dirisha, mara nyingi kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza na kuendelea, ambapo kirusi kimekwenda, utando wa njia ya hewa umechubuka, na walinzi wametulizwa mno. Bakteria kama nyumokoka au stafilokoka akiingia hapo, nimonia huja kwa kasi. Mwaka 1918 wengi wa waliouawa na influenza walimaliziwa na bakteria wa namna hiyo. Dalili yake haifichiki: mtu anapata nafuu siku mbili tatu, halafu homa inarudi, ubavu unachoma akivuta pumzi. Hapo antibiotiki ni za lazima, na kuchelewa ni hatari.

Wewe hujaeleza hayo. Homa yako ilikwenda na haijarudi. Kikohozi cha baada ya influenza huweza kuchukua wiki 3 hadi 8, kwa sababu vinyweleo vinavyosukuma kamasi kuelekea kooni vilikufa pamoja na seli zake na huota upya polepole; mpaka viote, kukohoa ndiko kunakofanya kazi yavyo. Kwa hiyo usikinyamazishe kikohozi chenye makohozi kwa dawa za kukausha. Antibiotiki acha. Utasikia kwamba antibiotiki iitwayo azithromaisini huzifanya makrofaji za wenye ugonjwa sugu wa mapafu kuzika vizuri zaidi, na katika maabara ni kweli, lakini huo si ushahidi wa kukutibu wewe, na kila dozi isiyo ya lazima inazoesha bakteria wa Kayole dawa ambayo tutaihitaji kesho.

Chunguza pia ile bahasha ya dawa mchanganyiko inayotolewa kwa "kifua". Mara nyingi mna kidonge kidogo cha steroidi, dawa ya kutuliza kinga, kama prednisoloni au deksamethasoni. Ni kweli steroidi huongeza MerTK na kuharakisha mazishi. Na katika jaribio la RECOVERY huko Uingereza, mwaka 2020, deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, ilipunguza vifo vya COVID kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumua, na moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Waliokuwa wakipumua wenyewe bila oksijeni hawakufaidika. Kwa influenza, tafiti za kufuatilia wagonjwa zimehusisha steroidi na vifo zaidi. Kuituliza kinga kabla kirusi hakijaondoka ni kuzika watu wakati mapigano hayajaisha.

Jiko lako ndilo lililo mikononi mwako. Moshi huijaza makrofaji masizi meusi isiyoweza kuyameng'enya, na oksidanti zake, kemikali kali zinazodhuru seli, huchochea protini ya RhoA, ambayo hukaza kiunzi cha seli kiasi kwamba haiwezi kujikunjua kumeza. Kwa wavutaji sigara wenye ugonjwa sugu wa mapafu, udhaifu huu umepimwa waziwazi: maiti za seli hurundikana kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo washa jiko nje, kwenye upepo, na usiliiname likiwa linafuka. Ngoja makaa yashike rangi nyekundu na moshi mweupe uishe. Kaa upande unaotoka upepo, karai la mafuta liwe upande wa pili. Usitumie plastiki kuwashia hata ukiwa na haraka ya wateja wa asubuhi. Na usiku, baridi iwe kali namna gani, jiko lisilale ndani: makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, inayoua watu usingizini.

Nenda hospitali siku hiyohiyo homa ikirudi, ukitema damu, ukipumua mara 30 au zaidi kwa dakika ukiwa umetulia, au kipimo cha kidole kikionyesha oksijeni chini ya asilimia 90. Mwakani uliza chanjo ya influenza mapema, kabla ya ile baridi ya Juni. Inaipa kinga somo, hasa la kutengeneza kingamwili, bila pafu kugeuzwa makaburi.

Na wiki hii, kwa kuwa umepita wiki mbili ukikohoa, nenda kituo cha afya cha umma ukapimwe kifua kikuu. Kipimo cha makohozi cha GeneXpert hakilipiwi. Chukua sampuli asubuhi kabla ya kula: suuza mdomo kwa maji, toka nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Zinatakiwa mililita 2 hadi 3, na mate hayafai. Funga kikopo barabara, ukifikishe siku hiyohiyo. Usihangaike kama yametoka ya kijani au meupe. Mashine ile inatafuta DNA ya bakteria wa TB, na rangi haiitazami kabisa.